Vuli Isiyo Vuli: Ukingo wa Thames katika Shairi la T. S. Eliot

Mwanafunzi atafutaye jina la Kiswahili la majira yaliyo kati ya joto na baridi kuu ya Ulaya, mara nyingi hupewa neno vuli. Kwa hesabu ya miezi neno hilo halikukosea sana, maana vuli ya pwani huangukia Oktoba hadi Disemba, na majira hayo ya Ulaya huwa Septemba hadi Novemba. Lakini kwa maana yake ni kinyume kabisa. Vuli ni mvua ndogo: ardhi hulainika, mkulima hushika jembe, majani huchipua. Majira ya London ni ya majani kupukutika, siku kufupika, na upepo wa baridi kuvuma mtoni. Asomaye shairi la Kiingereza akiwa na vuli ya kwao moyoni husoma matumaini mahali palipoandikwa msiba.

Hatari hiyo huonekana wazi katika sehemu ya tatu ya The Waste Land, shairi la T. S. Eliot lililochapwa mwaka 1922. Msemaji yuko kando ya mto Thames. Majani yameanguka, upepo wapita bila kusikiwa, panya atambaa ukingoni. Mshairi amekopa kiitikio cha Edmund Spenser, ambaye mwaka 1596 aliuimba mto huohuo kwa arusi ya mabinti wawili wa mtukufu mmoja, akaujaza mabata-maji weupe na maua. Eliot ameuchukua wimbo wa arusi akauimba baada ya wageni kuondoka.

Ustadi wake ni kutaja kwa kukanusha. Ahesabu takataka za walioburudika ukingoni usiku wa joto, kisha asema kwamba mto hauzichukui. Hivyo msomaji huona vitu viwili kwa pamoja: furaha iliyopita, na maji matupu yaliyobaki. Njia hii si ngeni kwa Waswahili. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huyapitia majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani, na kumbe madaka yamekuwa makao ya ndege. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdalla auonya moyo wake na kuuonyesha njia ya toba. Eliot aufunga mwendo wake kwa maneno yaliyokatika, yenye mwangwi wa Buddha na Mtakatifu Augustino, na njia haionyeshwi waziwazi.

Yawezekana kumlaumu kwamba huwatazama watu wadogo wa mji kwa dharau. Na kisa cha mpiga taipu na mgeni wake, katika sehemu hiyohiyo, chatia nguvu lawama hiyo. Ila lawama haienei kote. Katika Lower Thames Street, karibu na mahali ambapo soko la samaki la Billingsgate lilikuwako hadi 1982, msemaji asikia zeze na mazungumzo ya wauza samaki wanaopumzika adhuhuri, na kando yao aona uzuri wa ndani ya kanisa la St Magnus Martyr. Eliot, aliyekuwa mfanyakazi wa benki katika mtaa huo wa biashara, alijua kwamba kulikuwa na shauri la kubomoa makanisa kumi na tisa ya humo, naye alilitaja katika maelezo ya shairi lake. Kanisa hilo lingaliko hata leo. Hapo ndipo jicho lake linapokuwa na huruma, kwa kuwa kitu kizuri hutazamwa kikiwa hatarini, na wanaokizunguka ni watu wa kazi.

Basi mfasiri asiliandike vuli kwa sababu tu ni fupi. Heri aseme majira ya majani kupukutika, ingawa mstari utarefuka na mizani itamsumbua. Vuli huleta mbegu na jembe, ilhali ukingo ule unangoja baridi kuu. Neno likibadilika, wale wauza samaki na nguzo za kanisa huwa mapambo ya matembezi tu, na msomaji hatajua kwa nini mtu alisimama katika upepo ule kuwatazama.