Ushupavu wa Dini na Utawala wa Neno katika Filamu ya "Ceddo"

Miongoni mwa filamu za Kiafrika zilizoukabili ushupavu wa dini, ni chache zilizozua ubishi kama "Ceddo" (1977) ya Ousmane Sembène wa Senegal, na ubishi wenyewe, ajabu ni kuwa ulihusu konsonanti moja. Serikali ya Rais Senghor ilikuwa imetoa amri juu ya tahajia ya Kiwolof ambayo kwayo jina hilo lilipaswa kuandikwa kwa "d" moja. Sembène akashikilia mbili, na filamu ikapigwa marufuku nchini mwake kwa miaka kadhaa. Haikuwa peke yake: gazeti la Cheikh Anta Diop, "Siggi", nalo lililazimika kubadili jina likawa "Taxaw" kwa sababu ya "g" mbili. Wahakiki wengi wamesema kwamba tahajia ilikuwa kisingizio tu, kwamba kilichoogopwa ni hasira ya wakuu wa dini katika nchi ambayo wakazi wake walio wengi ni Waislamu. Huenda ni kweli. Lakini kisingizio hicho kinamfaa sana mwanafunzi wa lugha, kwani filamu yenyewe inauliza swali lile lile: ni nani mwenye mamlaka juu ya neno?

Kisa chake si kirefu. Katika ufalme mmoja wa Kiwolof wa zamani, ceddo, yaani watu wa kawaida wanaokataa kusilimishwa kwa nguvu, wanamteka Dior Yacine, binti ya mfalme Demba War, ili malalamiko yao yasikilizwe. Pembeni yupo mfanyabiashara Mzungu anayebadilisha bunduki kwa watumwa, na kasisi asiye na waumini wa kutosha kuwa tishio. Kiini cha filamu, hata hivyo, si utekaji bali ni baraza. Watu wameketi kwa vyeo vyao. Mlalamikaji anachomeka ardhini fimbo ya heshima, na tangu hapo hakuna awezaye kumnyamazisha. Maneno yake hayaendi moja kwa moja kwa mfalme. Yanapita kwa Jaraaf, msemaji wa baraza, na majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo, yakiwa yamesheheni methali. Mtazamaji aliyezoea sinema za mbio na risasi huenda akachoka. Mtazamaji huyo ataikosa filamu yote, maana baraza hilo ni katiba iliyo hai: ukali wa hoja unapozwa na utaratibu wa kuisema.

Imamu anauvunja utaratibu huo kabla hajamgusa mtu. Humwita mfalme kwa jina lake tupu, akikataa kumpa cheo ambacho kwake ni cha Mwenyezi Mungu peke yake. Madior, mpwa aliyestahili kurithi kwa upande wa mama, anaambiwa kwamba sheria mpya haimtambui. Kisha mfalme anafariki, raia wakiambiwa kuwa ameumwa na nyoka, na imamu anakalia kiti. Hapo ndipo linapokuja tendo linalotisha kuliko mauaji yote ya filamu hii: ceddo wanaketishwa mstari, wananyolewa vichwa, na kila mmoja anapewa jina jipya. Wanafunzi wa Kenya ambao babu zao walipewa majina ya ubatizo siku ya kuingia shule ya misheni hawatahitaji maelezo. Sembène naye hakuisahau dini ya pili, kwani anamwonyesha kasisi akiota Afrika ijayo iliyojaa waumini wake.

Ila ni haki kuuliza kama Sembène, aliyezaliwa katika jamii ya Kiislamu, amemtendea imamu haki kama mhusika. Hakumtendea. Imamu huyu ni bapa: hana shaka, wala hatuoni sala yake ikimgharimu chochote. Ushupavu (Kiswahili bado kinahangaika baina ya neno hili, "ghuluu" na "itikadi kali" ya magazeti) unaonekana hapa kama hila ya kutwaa madaraka, basi. Lakini mshupavu wa kweli huamini, na ndiyo maana anaogofya. Abderrahmane Sissako wa Mauritania aliliona jambo hili katika "Timbuktu" (2014), filamu iliyotokana na kutekwa kwa mji huo wa Mali mwaka 2012. Humo kijana mmoja anashindwa kutamka mbele ya kamera maneno ya kuyakana maisha yake ya zamani ya muziki, kwa kuwa hajajishawishi mwenyewe. Humo pia yupo imamu wa mji, mpole na mjuzi, anayewakemea wenye silaha walioingia msikitini. Sissako ameipa dini nafasi ya kujitetea dhidi ya washupavu wake, Sembène ameinyima. Hasara hiyo ni ya kisanaa kabla ya kuwa ya kidini, kwani mgogoro ambao upande mmoja hauna roho hupungua uzito.

Hata hivyo "Ceddo" inabaki kuwa filamu yenye ujasiri zaidi, na mwisho wake haujapoa. Binti mfalme, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akizungumziwa na wanaume, anarudishwa kijijini baada ya mtekaji wake kuuawa. Mbele ya umati ananyakua bunduki na kumpiga imamu risasi, na picha inasimama juu ya uso wake. Watazamaji wengi hushangilia. Washangiliao wasisahau kwamba fimbo ya baraza haipo tena, na kwamba bunduki iliyoshika nafasi yake ni miongoni mwa zile zilizonunuliwa kwa kuuza watu.