Mzee Ojwang': Mcheza kwa Jirani

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya mashariki ya Uganda, mvulana wa Kipadhola aliombwa asome kwa sauti sentensi iliyosema kuwa mzee alikwenda shambani. Akasoma kwamba "msee" alikwenda "sambani". Darasa zima likaangua kicheko, na kutoka viti vya nyuma mtu akapaza sauti: "Ojwang'!" Tangu siku hiyo mvulana yule hakukubali tena kusoma mbele ya wenzake. Mwalimu wa darasa hilo nilikuwa mimi, na sina budi kukiri kwamba nilicheka pamoja nao.

Tukio hilo ndilo lililonifanya nimtazame upya mwigizaji ambaye jina lake la mchezoni lilitumika kumnyamazisha mtoto yule. Walimu wenzangu kadhaa huamini kuwa michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Kenya imekiharibu Kiswahili na kuwafundisha vijana kudharau lafudhi za watu. Nami niliwahi kuwa na maoni hayo. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba, kwa upande wa Mzee Ojwang', hukumu hiyo si ya haki, ingawa ndani yake mna onyo tusilopaswa kulipuuza.

Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alizaliwa mwaka 1937. Watazamaji walimfahamu kama Ojwang' Hatari, na kwa zaidi ya miaka thelathini alionekana katika michezo ya shirika la utangazaji la serikali ya Kenya, ambalo kabla ya mwaka 1989 liliitwa Sauti ya Kenya. Aliigiza katika Vioja Mahakamani, lakini mchezo uliomfanya awe mtu wa kila nyumba ni Vitimbi, ambamo mkewe alikuwa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Wawili hao waligombana na kupatana mbele ya taifa zima kwa miaka mingi, hata wako watazamaji walioamini kuwa ni mume na mke kweli. Wanjau alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78.

Ojwang' ni jina la Kijaluo, na mzee huyo alizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Kifo chake kilipotangazwa, wako waliolisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza na kushangaa. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni habari ya kustaajabisha tu. Kwetu sisi tunaofundisha lugha, ndiyo inayotufungulia mlango wa sanaa yake.

Tuzingatie kazi iliyomkabili. Kikuyu hakina sauti ya l; mahali pake hukaa r. Aidha, sauti za b, d na g hupenda kutanguliwa na sauti ya pua, kiasi kwamba Mkikuyu anayejifunza Kiswahili huweza kusema "ndawa" badala ya dawa. Kijaluo kina matatizo mengine kabisa. Kina l na r zilizotengana, na kina d isiyohitaji msaada wa pua, lakini hakina z wala sh. Hapo ndipo mzee huwa "msee" na shamba huwa "samba". Zaidi ya hayo, Kikuyu ni lugha ya Kibantu yenye ngeli na upatanisho wa kisarufi kama Kiswahili, ilhali Kijaluo ni lugha ya Kiniloti isiyo na mfumo huo. Mjaluo anayejifunza Kiswahili huingia katika msitu wa ngeli bila ya njia aliyozoea kwao, na "kitabu yangu" ni mojawapo ya alama za safari hiyo.

Basi mwigizaji wa Kikuyu aliyetaka kuwa Ojwang' alilazimika kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza ayafute makosa ambayo lugha yake ya mama ingemwingiza. Pili ayavae makosa ambayo lugha yake ya mama isingemwingiza kamwe. Nasi tufundishao twajua jinsi ilivyo vigumu kumwondolea mwanafunzi kosa moja la matamshi. Wanjau aliondoa mafungu mazima ya makosa, akaweka mengine, na akadumu nayo mwaka baada ya mwaka, katika hasira, katika maombolezo na katika ubembelezi, bila ya kuteleza kiasi cha kumfanya mtazamaji atie shaka. Huwezi kuvunja sheria za lugha kwa utaratibu namna hiyo kama huzijui sheria zenyewe.

Lakini je, watu walimcheka kwa sababu ya lafudhi? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Lafudhi ilikuwa vazi la Ojwang', kama koti lilivyo vazi. Kilichochekesha kilikuwa mtu aliyekuwa ndani ya vazi hilo: mzee mkali, mwenye kiburi cha mwenye nyumba, anayeamini kwamba anaitawala jamaa yake ilhali mkewe amekwisha mzidi kwa hoja. Mtu huyo yuko Kisumu, yuko Nyeri, yuko Mbale na yuko Tanga. Mfanyie jaribio: mpe mzee huyo Kiswahili sanifu cha Unguja, na bado utamcheka anapojaribu kuficha fedha au anapotoa amri isiyotiiwa na mtu.

Kuna jambo la pili ambalo mhakiki hana budi kulitaja. Ojwang' hakuionea haya lugha yake hata mara moja. Hakusita katikati ya sentensi kutafuta ngeli, wala hakuangalia nyuso za wengine kuona kama amekosea. Aligombana kwa Kiswahili, akajitetea kwa Kiswahili, akatukana na kubembeleza kwa Kiswahili, na wote walimwelewa. Kiswahili chake kilikuwa mali yake. Hebu tujiulize ni wanafunzi wangapi wetu, hata wale wanaopata alama za juu katika karatasi, wanaoweza kusema hivyo juu ya Kiswahili chao.

Sasa nigeukie onyo. Michezo ya aina hii ilikuwa na mazoea ya kumpa kila mhusika kabila lake na lafudhi yake, na mazoea hayo yana hatari. Mwigizaji hodari huanza na lafudhi akamalizia na mtu; mwigizaji dhaifu huanza na lafudhi akabaki hapo hapo. Huyo wa pili hutuachia kikaragosi, na kikaragosi ndicho kinachookotwa na watoto uwanjani. Nchini Kenya jambo hili si la mzaha. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu elfu moja waliuawa, na jina la mtu au namna anavyotamka neno viliweza kumtambulisha kwa adui. Wajaluo na Wakikuyu walijikuta pande mbili za ugomvi huo. Hatuwezi kudai kwamba kichekesho kinaweza kuzuia maafa kama hayo, maana hakikuyazuia. Tunachoweza kusema ni kwamba kwa miongo kadhaa Mkikuyu mmoja aliingia katika sauti ya jirani yake na kukaa humo kwa uangalifu, na jirani hakumfukuza.

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Wanjau alicheza kwa jirani, naye akatunzwa kwa mapenzi. Kwa fedha ni habari nyingine. Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua sana, na ilibidi wananchi wachangishane ili apate matibabu. Mtu aliyelichekesha taifa kwa muda wote huo hakupaswa kufikia hapo, na vyama vyetu, vinavyopenda kuisifu sanaa ya Kiswahili majukwaani, vina wajibu wa kuuliza wasanii wake wanazeeka vipi.

Nirudi darasani. Nchini Uganda wako wanafunzi wengi wanaotoka katika lugha zilizo ndugu na Kijaluo, kama Kiacholi, Kilango na Kipadhola. Sauti za z na sh zitawasumbua, na si kwa uvivu. Tuwafundishe sauti hizo kwa subira, kwa maneno yaliyopangwa jozi jozi, kama vile saa na zaa, au sika na shika, hata kama neno moja katika jozi halina maana. Tena tusimruhusu mtoto yeyote acheke kosa ambalo yeye mwenyewe hawezi kulieleza. Anayetaka kumwiga mwenzake na atwambie kwanza kwa nini mwenzake anatamka hivyo, kisha aige bila ya kukosea. Nimelijaribu zoezi hilo. Vicheko hupungua upesi, kwa sababu wengi hugundua kuwa kuiga lafudhi ya mtu vizuri kunahitaji masikio kuliko ulimi.

Kijana wa Kipadhola alimaliza shule bila ya kusoma tena kwa sauti mbele yetu. Laiti siku ile ningalijua haya niliyoyaandika, ningalimjibu yule aliyepaza sauti nyuma kwamba Ojwang' halikuwa jina la kumnyamazisha mtu. Mwenye jina hilo hakunyamaza kamwe.