Wino Badala ya Damu

Mtu anaoga hotelini. Maji yanachuruzika, na nyuma ya pazia la bafu kivuli kinasogea. Ghafla pazia linavutwa. Mkono unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mwogaji anateleza ukutani, na kamera inaufuata mkondo mweusi unaozunguka na kutokomea kwenye tundu la maji machafu. Mshambuliaji ni mhudumu wa hoteli. Mgeni alimchosha kwa kudai gazeti lake, na sasa amemletea: amelikunja na kumchoma nalo huku akipiga kelele kwa sauti kali. Mkondo ule mweusi ni wino.

Ndivyo Mel Brooks, katika filamu yake High Anxiety ya mwaka 1977, alivyoifanyia mzaha sehemu ya bafuni ya Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa sijaiona Psycho. Nilicheka, kwa kuwa mtu kuchomwa kwa gazeti ni kichekesho popote pale. Nilipokwisha kuiona ya Hitchcock nikairudia ya Brooks, ndipo nilipoiona kazi yenyewe. Bomba la mvua, pazia, mkono, tundu, jicho lililokodoka: vyote vimepangwa kama alivyovipanga Hitchcock mwenyewe. Kilichobadilika hasa ni silaha.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa ufundi huu. Anayechekesha kwa kuiga hana ruhusa ya kuiga ovyo. Akikosea pembe ya kamera, mtazamaji hatamkumbuka Hitchcock, na asipomkumbuka, nusu ya kicheko imepotea. Hitchcock alitumia siku 7 kuipiga sehemu ile ya takriban sekunde 45. Wa kuifanyia mzaha hana budi kuijua kipande kwa kipande. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Wengi wetu huona chombo kikielea tukaridhika. Brooks anatushika mkono hadi chini ya chombo, tukaone mbao, misumari na kalafati.

Uchukue muziki. Daktari Thorndyke, ambaye Brooks anamwigiza mwenyewe, yumo garini akipelekwa kwenye taasisi ya wagonjwa wa akili anayokwenda kuiongoza. Dereva anadokeza kwamba aliyemtangulia huenda aliuawa. Papo hapo muziki wa kutisha unalipuka. Katika filamu za taharuki muziki wa namna hiyo tunausikia sisi tu, nao hututia hofu bila hata kujua kwamba tumeguswa. Hapa daktari anashtuka, anageuka huku na huku, kisha basi linapita limejaa wanamuziki wakipiga ala zao kwa bidii.

Au ichukue kamera. Watu wamekaa mezani kwa chakula cha jioni, nayo inawanyemelea kutoka nje, polepole, kama tulivyozoea. Inasogea, inasogea, mara kioo cha dirisha kinavunjika, na walaji wote wanageuka kuiangalia. Kwingine imejibanza chini ya meza ya kioo huku wala njama wawili wakinong'ona. Kila wanapotua kikombe au sahani, sura zao zinazibwa, na kamera maskini inahangaika kutafuta upenyo mwingine. Baada ya hapo hutaitazama tena filamu ya kutisha bila kujiuliza kamera imesimama wapi, na kwa nini pale.

Mzaha wa kumwangusha mtu hauhitaji maarifa mengi. Yeyote mwenye mdomo anauweza. Huu wa Brooks ni wa mwanafunzi aliyekaa na kazi ya mwalimu wake hadi ikamwingia. Hata mafundi aliwatafuta kule kule. Albert Whitlock, aliyemchorea Hitchcock mandhari za The Birds ya mwaka 1963, yumo ndani ya High Anxiety akiigiza kama baba wa Victoria, mwanamke ambaye Thorndyke anampenda. Brooks aliitabaruku filamu yake kwa Hitchcock, naye mzee akamtumia zawadi ya mvinyo. Mtu hamtunzi aliyemdhalilisha. Hitchcock alikuwa amesomwa kwa makini, na bila shaka alilitambua hilo kuliko mtazamaji yeyote.

Nilirudi kwenye Psycho mara ya pili nikiwa na wasiwasi kwamba kicheko kimeniharibia. Nilikuwa nimeshajua kila kitakachotokea. Nilijua hata ile damu ilikuwa shira ya chokoleti, iliyofaa kwa kuwa filamu haina rangi: shira kwa mmoja, wino kwa mwingine. Maji yakaanza kuchuruzika, kivuli kikasogea. Pazia lilipovutwa, vidole vyangu vilikuwa vimekamata mkono wa kiti. Mel Brooks alikuwa amenionyesha kila ubao na kila msumari, na chombo bado kilielea.