Kusoma Ukingo wa micro:bit

Ishike micro:bit, vitaa vyake vikikutazama, kisha shusha macho hadi ukingo wa chini. Hapo pana mshororo mmoja unaong'aa kama dhahabu: pete 5 zenye matundu na, katikati na kandokando yake, vipande vyembamba 20. Jumla 25. Usoni pana vitaa vya LED vitano kwa vitano, navyo 25. Hata kama ni sadfa, jicho huridhika, kama sikio linapokutana na kina lilichokuwa likikingojea.

Bodi hii, kompyuta ndogo ya kujifunzia kuandika programu, ilibuniwa na BBC pamoja na washirika wake, na mwaka 2016 takriban bodi milioni moja ziligawiwa wanafunzi wa miaka 11 na 12 nchini Uingereza. Umbo lake linajua mikono ya nani itaishika. Pete ina nafasi ya kutosha kubanwa na kibanio cha mdomo wa mamba, bila kulehemu chochote. Juu yake yameandikwa 0, 1, 2, 3V na GND: njia tatu za ishara, chanya na hasi. Anayeanza husoma hayo matano tu, na maana inakamilika, kama ubeti ambao ukwapi wake ukisomwa peke yake bado unajitosheleza.

Sasa soma tena bila kuruka kitu. Mshororo hauanzi na 0. Unaanza na 3. Kisha inakuja pete ya 0, halafu 4, 5, 6, 7, ndipo pete ya 1. Kumbe kuna hesabu mbili zilizosukwa pamoja, ya pete na ya vipande vyembamba. Upande wa kulia mtunzi amekuwa mwangalifu zaidi: pete ya 3V imesimama kati ya 17 na 18, navyo vyote viwili ni 3V, pete ya GND imekaa kati ya 21 na 22, navyo ni GND. Kibanio kikiteleza pale, kinaangukia kina kilekile. Upande wa kushoto hakuna huruma hiyo. Majirani wa pete ya 0 ni 3 na 4, na wote wawili wanatumika kuendesha vitaa vya usoni. Toleo la pili, lililotoka 2020, lilichonga vijipengo kwenye pete ili kibanio kishike vizuri.

Kwa vile vipande vyembamba visivyobanika kirahisi, hapo ndipo bodi ya kupanulia inapoingia. Ile ya kawaida kabisa ina mfereji ambamo ukingo unachomekwa, na safu ya pini zilizosimama. Vipande vilivyobanana kwa milimita 1.27 vinatoka vikiwa pini zenye nafasi ya 2.54, ya kutosha waya wa kawaida. Jina lake linaisifia kwa kazi isiyo yake. Haipanui kitu, njia zote 25 zilikuwapo tangu mwanzo. Inachofanya ni kumsomea mwanagenzi kwa sauti maneno ambayo kidole chake kilikuwa kinayaruka.

Lakini msomaji huyu ana kasoro: anasoma maneno yote kwa sauti moja. Kwenye ukingo, ukubwa wa pete ulikuwa maelekezo. Ulisema, gusa hapa, pale usiguse bado. Kwenye safu ya pini, 3 na 16 zinafanana kama mapacha, ilhali 16 iko huru na 3 ina ndoa na vitaa. Pini 4, 6, 7 na 10 nazo ni za vitaa. 5 ni ya kitufe A, 11 ya kitufe B. Mtoto akichomeka kihisi kwenye pini 3 bila kuvizima vitaa kwenye programu, atapata namba zinazorukaruka, na atakilaumu kihisi. Umbo ndilo lililomdanganya, kwa kumwonyesha usawa usiokuwapo.

Aina ya pili ya bodi inairudisha sarufi. Pini zake zimepangwa tatutatu: ishara, umeme, hasi, mpangilio uleule wa plagi ya mota ndogo ya servo. Tena hupewa betri yake. Toleo la kwanza la micro:bit liliweza kuvipa vifaa vya nje miliampia 90 tu, na la pili 190. Servo inayoanza kuzunguka huweza kudai kuzidi hapo. Kwa hiyo mota inakula kwa betri na kupokea amri kwa micro:bit, na GND ya pande zote mbili inaunganishwa. Bila hasi ya pamoja, amri inatumwa lakini haieleweki. GND ndiyo kibwagizo: kila ubeti hurudi kwake, popote uanzie.

Ningechagua basi bodi inayofunua na kubagua kwa pamoja: pini huru zitiwe rangi moja, zenye kazi nyingine rangi tofauti. Hata hivyo, ile safu tupu ina somo lake. Mtoto aliyekwisha kuhangaika na pini 3 hadi akagundua kosa, siku akiichomoa micro:bit mferejini hataona tena pete tano. Ataanza kusoma pembeni kabisa kushoto, kwenye kile kipande chembamba kinachotangulia sifuri.