Vipimo Bila Sababu: Uhakiki wa Miongozo ya Kujitengenezea Kichwa cha Dishi

Miongozo ya kujitengenezea kichwa cha dishi, yaani kile kipande kinachokaa mbele ya dishi kupokea mawimbi, ina sifa moja kubwa: inamwamini msomaji. Waya wa shaba, kipande cha bati, dishi kuukuu la televisheni na kipokezi kidogo cha kompyuta vinaweza kunasa picha za mawingu kutoka setilaiti za Urusi za Meteor-M, zinazorusha kwa megahezi 1700.

Hata hivyo, miongozo mingi niliyosoma hutoa vipimo bila sababu. Msomaji huambiwa azungushe waya kama springi yenye kipenyo cha sentimita 5.6. Haambiwi kwamba wimbi lina urefu wa sentimita 17.6, na kwamba mzingo wa springi hukaribia urefu huo. Akitaka masafa mengine, atakwama.

Kasoro ya pili ilitugharimu. Mawimbi ya Meteor huja yakizunguka kulia. Mimi na mwenzangu tukazungusha waya kulia. Kila setilaiti ilipopita tukasikia mvumo tu. Kumbe dishi ni kama kioo: wimbi linalozunguka kulia likiligonga, hurudi likizunguka kushoto. Sentensi hiyo moja ingetuokoa.

Kwetu Uganda, mawingu juu ya Ziwa Viktoria si mchezo. Dhoruba huwaua wavuvi. Kwa hiyo, atakayeandika mwongozo huu kwa Kiswahili asitafsiri vipimo tu. Aanze na jambo la kioo, kisha ndipo atoe sentimita.