Moshi, Gesi na Masega: Msamiati wa Gari Lililofungwa Mtambo wa Gesi

Katika gereji moja mjini Kahama tulikuta gari dogo la zamani la petroli, ambalo mwenyewe alikuwa amelifungisha mtambo wa gesi asilia Dar es Salaam. Alilalamika kwamba kila akaapo ndani yake likiwa linanguruma, kichwa humwuma. Fundi alimjibu kwamba gari halitoi moshi. Kisha ikatolewa karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwamba 'gesi imezidi', na mwenye gari akastaajabu, maana mtungi wake ulikuwa mtupu tangu kabla ya Dodoma, naye akitumia petroli njia nzima. Hakuna aliyesema uongo pale. Kilichowagombanisha ni maneno, na ndiyo tunayotaka kuyapima hapa.

Tuanze na 'moshi'. Kwa Mswahili, moshi ni kitu kionekanacho. Injini inayopata fueli nyingi kuliko hewa huweza kutoa kaboni monoksidi ya kudhuru bila ya wingu lolote; hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua. Fundi aliyeagizwa 'kupunguza moshi' atatazama ncha ya bomba, aone peupe, na kulirudisha gari.

'Gesi' ina hatari zaidi. Tangu gesi ya Songo Songo ilipoanza kutumika mwaka 2004, na magari yakaja kuitumia baadaye, neno hili limekuwa jina la fueli. Kuliita kwa neno hilohilo lile litokalo nyuma ya gari ni kumpotosha msomaji. Ikiwa kilichozidi ni oksidi za naitrojeni, ambazo huzaliwa na joto kali la mwako, hasa pale fueli inapopungua, fundi atakayesoma 'gesi imezidi' na kupunguza fueli aweza kukiongeza kile alichotakiwa kukipunguza.

Wapo wanaopendekeza 'mafusho'. Neno ni zuri, lakini lina makazi yake tayari katika tiba, na mwaka 2020 nchi nzima ilikumbushwa maana ya kujifukiza. 'Hewa ukaa' nayo imekwisha kuzoeleka kwa kaboni dioksidi, ambayo hata injini nzima huitoa. Sisi twaona 'hewa za mwako' yatosha kuwa jina la jumla. Kisha kila hewa itajwe kwa jina lake la kikemia, hata kama ulimi utajikwaa.

Kwa hali ya mchanganyiko, tumekutana na 'mchanganyiko tajiri' na 'mchanganyiko maskini'. Huu ni Uingereza uliovishwa kanzu. Kila aliyepika uji ajua 'mzito' na 'mwepesi', na maneno hayo yatosha, mradi ielezwe kwamba uzito huu ni wa wingi wa fueli na si wa mizani.

Magereji nayo yana makosa yake. 'Sailensa' kwa mafundi wetu ni mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Kwa mfasiri aliyeketi ofisini ni kile chombo cha kupunguza kelele. Kwa kuwa hewa za mwako hupimwa injini ikiwa katika hali hiyo, na tena mzunguko ukiwa umepandishwa, utata huu haufai kuachwa. Twapendelea 'mzunguko tuli'.

Lakini neno moja la gereji limewashinda wasomi wote: 'masega'. Wafasiri wametaabika na 'kigeuzi kichocheo' na mengineyo ya namna hiyo, hali fundi alikwisha kukitazama kile chombo cha kauri chenye vitundu visivyohesabika na kukipa jina ambalo kila mtu wa nchi ya mizinga hulielewa papo hapo. Twashauri lisanifiwe. Hata hivyo lina upungufu ambao hatuna budi kuusema: lataja umbo, halitaji kazi. Vitundu vile vimepakwa platini, paladi na rodi, na humo ndimo kaboni monoksidi hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, na fueli isiyoungua kuwa maji na kaboni dioksidi. Asiyejua hayo huyadhani masega kuwa chujio tu linaloibana injini pumzi, akayang'oa, au akayauza kwa thamani ya madini yake. Kwa hiyo katika vitabu vya mafunzo yaandikwe, walau mara ya kwanza, 'masega ya kusafishia hewa za mwako'.

Turudi Kahama. Baada ya mabishano, fundi alibadilisha plagi na kichungi cha hewa, na sensa ya oksijeni iliyokuwa imekufa, ambayo kwayo kompyuta ya gari ilikuwa ikimimina petroli bila kujua kipimo. Mzunguko ukatulia. Alipoingia uvunguni kutazama bomba, alikuta kipande cha chuma kimechomelewa mahali pa masega.