Makaburi ya wafalme na mashamba ya wakubwa

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Bugembe, chini ya kilima cha Igenge kwenye ikulu ya Kyabazinga, wananiuliza: hadithi za wafalme zitatusaidia nini sisi wakimbizi? Mimi nasema someni Apolo Kagwa. Huyo ni wa Buganda, ng'ambo ya Nile, si wa Busoga, lakini someni.

Kagwa alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu. Mwaka 1900 Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, basi Kagwa na wenzake ndio waliotia sahihi mkataba na Waingereza. Maili za mraba 8,000 zikawekwa kwa ajili ya machifu na wakubwa 1,000, na Kagwa naye akatengewa sehemu yake. Mwaka 1901 kikatoka kitabu chake, Basekabaka be Buganda, habari za wafalme tangu Kintu.

India ya zamani mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwenye mabamba ya shaba: kwanza sifa ndefu za mfalme na babu zake, halafu jina la anayepewa kijiji, mipaka, na laana kwa atakayemnyang'anya. Kagwa aliyaweka mbalimbali, ila mkono ni ule ule.

Kitabu ni kizuri, nasema kweli. Hapambi sana. Anaorodhesha tu: mfalme huyu, wake zake, watoto wake, vita vyake, amezikwa wapi. Kwangu mimi orodha hiyo inasifu kuliko shairi. Ukishaonyeshwa makaburi ya wafalme thelathini, utabisha vipi kwamba nchi ni yao?

Hapo ndipo ninapogombana naye. Koo za kawaida nazo zilijua ardhi yao kwa makaburi, waliiita butaka. Ugawaji wa baada ya 1900 ukawapita wengi. Miaka ya 1920 wazee wa koo, Bataka, wakaenda kulalamika kwamba ardhi walikozikwa babu zao imekuwa shamba la mkubwa fulani, na aliyelaumiwa zaidi ni Kagwa mwenyewe.

Sisi tumeacha makaburi ng'ambo ya ziwa. Ndugu zetu wa Nakivale wanapewa kipande cha kulima, si cha kumiliki. Kwa hiyo vijana wakifika kwenye kurasa za makaburi nawasimamisha, nawauliza: na wakulima waliokuwa wanaishi kwenye zile maili, wako ukurasa gani?